Sauti Niliyoijenga kwa Mdomo

Mniache niseme mambo haya vile yalivyotokea, maana hapa Kiganjo, Thika, kila mtu ameshajitungia yake. Wengine wanasema nilinunua mashine kutoka China. Wengine, wale wa ploti ya nyuma, wanasema ni uchawi wa Ukambani, na hao nitamalizana nao siku yao. Hakuna China hapo na hakuna uchawi. Ni mimi Wayua, Mama Kavata, ninayepika githeri na chapati karibu na geti ya kiwanda, niliyeacha shule kabla sijaelewa hesabu ya kugawanya. Nilijenga kitu ndani ya simu, na nilikijenga kwa mdomo wangu huu mnaousema kila siku.

Mume wangu anaitwa Nzioki. Alikuwa dereva wa lori la mchanga, mtu wa sauti nzito, akipiga hodi mlangoni unadhani wamekuja watu wawili. Asubuhi moja akiwa anafunga kamba za viatu, kiharusi kikamshika. Upande wa kulia ukalala wote, na ile sauti ikapotea kama stima zikipotea, bila kuaga. Daktari alituambia tusimdharau, anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu, ni njia tu ya kutoka akilini kuja mdomoni ndiyo imekatika. Kuandika pia hawezi. Mkono wa kushoto una nguvu, lakini ukimpa kalamu anachora minyoo.

Na kichwa nacho kilikuwa shida yake. Tangu augue, Nzioki alikuwa anatingisha kichwa juu chini kwa kila mtu na kwa kila jambo. Mwulize kama ameshiba, anatingisha. Mwulize kama ana njaa, anatingisha. Siku moja mchuuzi wa mitumba alipita mlangoni akamwuliza kama anataka sidiria, akatingisha. Nilicheka siku hiyo mpaka nikajiegemeza kwa ukuta, halafu nikaingia ndani nikalia. Utaishije na mtu ambaye hujui anataka nini?

Sasa, mbele ya ploti yetu kuna saluni ya msichana wa Bungoma anayeitwa Trizah. Huyu Trizah siku moja alinionyesha kwenye simu yake tovuti ya saluni yake: picha za mitindo ya nywele, mteja anachagua wake, anachagua na saa ya kuja, mambo yameisha. Nikamwuliza ni kijana gani wa chuo amemtengenezea.

“Zii, Mama Kavata, nimejitengenezea mwenyewe.”

“Wewe? Kwani ulisomea kompyuta lini?”

“Sijasoma chochote. Hiyo lugha ya kompyuta siijui hata herufi moja. Kuna mahali unaingia, unaiambia unataka nini, inajenga. Unaongea nayo tu kama mtu.”

Nikamcheka. Nikamwambia, mimi kwa kibanda changu nina wasichana wawili wenye masikio, naongea nao kutoka asubuhi na bado chapati zinaungua. Leo simu ndiyo itanisikia? Trizah hakubishana. Aliniangalia tu, akasema, “Ukimaliza kuosha sufuria zako, kuja.”

Nikaenda mchana huo, wafanyakazi walipomaliza kula na kurudi kiwandani. Nilikaa kwenye kiti cha kukaushia nywele, apron bado iko shingoni. Trizah akanifungulia ile kitu kwenye simu yangu, akanionyesha kidude cha kipaza sauti. “Finya hapa uiambie.”

“Niiambie nini?”

“Chenye kinakusumbua.”

Wee! Ulizeni watu wote wa Kiganjo kama kuna mtu amewahi kuniambia hivyo halafu nikanyamaza. Nilianza. Nilisema nina mume, haongei, mkono mmoja tu ndio unafanya kazi. Nataka afinye picha, simu iseme badala yake. Nataka maji, chai, dawa, choo, baridi, joto, nimechoka, nisomee Biblia, funga mlango. Nataka picha ziwe kwenye miraba mikubwa kwa sababu kidole chake kinatetemeka. Nilizungumza mpaka Trizah akaanza kusuka mteja mwingine.

Halafu nikanyamaza, na kioo cha simu kikaanza kuandika chenyewe. Maandishi yalishuka mbio mbio, mistari juu ya mistari, Kiingereza ambacho si Kiingereza, mabano na alama ambazo sijawahi kuziona hata kwenye mabango. Nilitaka kurudisha simu kwa Trizah, nikidhani nimeiharibu. Akasema, “Tulia. Inakufanyia kazi.” Nikatulia. Yale maandishi yakasimama, kioo kikawa cheupe kidogo, halafu ikatokea. Juu imeandikwa SAUTI YA NZIOKI. Chini yake miraba, na kila mraba una picha yake. Nikafinya glasi ya maji. Simu ikasema, “Naomba maji, tafadhali.”

Mwili ulinisisimka kutoka unyayo. Mimi nimesikia Kitabu cha Mwanzo tangu nikiwa mtoto wa Sunday School. Mungu akasema iwe, ikawa. Sikuwahi kufikiria hata siku moja kwamba mtu mwenye harufu ya vitunguu mikononi anaweza kusema iwe, na ikawa, akiwa ameketi kwa kiti cha saluni. Niliogopa, niwaambie ukweli. Nikamwuliza Trizah kama hii si kujifanya Mungu.

“Mungu hakuhitaji bando,” Trizah akasema, akiendelea kusuka.

Nikarudi kwa kazi ya kujenga. Sasa nikawa nimepata ujasiri, na mnajua mimi nikipata ujasiri. Ile picha ya chai ilikuwa kikombe kidogo cha wazungu, na ndani chai ni nyeusi tii. Nikafinya kipaza sauti nikaiambia, “Hiyo chai ni ya nani? Chai ya hapa ina maziwa! Na kikombe kiwe kikubwa, mzee wangu si ndege!” Ikaniandikia, “Samahani, nimerekebisha.” Na kweli ikawa imerekebisha. Nikairudisha mara nyingine kwa sababu ya choo, ilikuwa imeweka choo cha kukalia kama cha hoteli. Ikaomba samahani tena. Tangu niolewe sijaombwa samahani haraka namna hiyo na kiumbe chochote.

Lakini hiyo sauti ilinikwaza. Ilikuwa sauti ya mwanamke msomi, kama anayesoma taarifa ya habari. Na mume wangu hajawahi kuniambia naomba, wala tafadhali. Nzioki alikuwa anasema “maji” na maji yanakuja. Nikasema, ikiwa nitamrudishia mdomo, si huo wa kuazima.

Nzioki ana ndugu mmoja tu wa kiume, Kyengo, anayemfuata kuzaliwa. Kyengo ana karakana ya kuchomea mageti na madirisha huko Gatongora, upande wa Ruiru. Hao wawili wamefanana sauti hata mimi mke nilikuwa nachanganyikiwa. Zamani Kyengo alikuwa akipiga simu, namwambia aje na maziwa kabla hajasema yeye ni nani. Basi nikajifunga kitambaa, nikaenda Gatongora.

Nikamweleza. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alizima mashine ya kukata chuma, akawaambia vijana wake waende wakanywe chai, akavuta geti la karakana. Akaketi juu ya mkebe wa rangi, akashika simu yangu kwa mikono miwili. Nilikuwa namtajia neno, naye analisema kwa Kikamba chetu cha nyumbani, moja baada ya lingine, polepole kama mtu anayeapa kortini, na mimi hapa nawatafsiria. Maji. Chai. Dawa. Nimechoka.

Nilifumba macho nisikilize vizuri, na nikafanya makosa kuyafumba, kwa maana alikuwa ni Nzioki aliyekuwa pale. Haki ya Mungu, alikuwa yeye.

Tulipomaliza, Kyengo akanirudishia simu bila kuniangalia.

“Shemeji,” akasema, “hii ni sawa. Imsaidie siku hizi zilizobaki hapo Thika. Jumamosi nakuja na gari nimpeleke nyumbani.”

“Nyumbani wapi?”

“Nyumbani ni ngapi? Mwingi. Kwa shamba la baba. Dada yetu atamwangalia. Shemeji, mwanaume hamalizii maisha yake kwa nyumba ya kupanga, anaangalia ukuta, anapanga foleni ya choo na wapangaji. Ni aibu yangu hiyo. Watu wa kwetu wananiuliza.”

“Na wewe uliamua na nani?”

“Nilimwuliza mwenyewe nilipokuja kumwona. Akatingisha kichwa.”

“Mimi pia nilimwuliza kama anataka kukaa na mimi. Akatingisha kichwa.”

Tukaangaliana. Kila mmoja alikuwa na kichwa kimoja cha Nzioki mfukoni.

Muelewe shida yangu. Mimi siwezi kumfuata Mwingi. Kile kibanda ndicho kinatulisha, ndicho kinanunua dawa. Nzioki akienda, anaenda bila mimi, na nitakuwa namwona Krismasi kama mtoto wa shule ya bweni. Na kuna jambo lingine lililonikaa kifuani njia yote ya kurudi, na sikumwambia mtu: vipi kama Kyengo yuko sawa? Vipi kama Nzioki kweli anatamani nyumbani kwao, na mimi ndiye nimemfungia kwa hiki chumba kwa sababu nampenda?

Trizah alinisaidia kuingiza zile sauti kwenye miraba, halafu nikampelekea Nzioki. Nilimwekea simu kwenye kigoda mbele ya kiti chake cha magurudumu, nikashika kidole chake, tukafinya pamoja. “Chai,” simu ikasema.

Alishtuka. Aligeuza macho mlangoni kuona ni nani ameingia. Halafu akaangalia simu, akaniangalia, akafinya mwenyewe. “Chai.” Akafinya tena. “Chai.” Nusu ya mdomo iliyobaki nzima ikacheka, na machozi yakateremka upande uleule. Siku hiyo Nzioki alikunywa chai hadi thermos ikabaki hewa tupu, na mimi nilikuwa nammiminia nikilia kama mjinga. Majirani walikuja kuona. Mwalimu mmoja wa hapa alisimama mlangoni akavua kofia kabisa, kama mtu aliyeingia kanisani. Hata Pasta Mutisya wa kanisa letu alikuja kumwombea, na maombi yalipoanza kuwa marefu, simu ikasema, “Choo.” Pasta akafupisha.

Basi Jumamosi ikafika. Kyengo alikuja asubuhi na Probox, amelaza kiti cha nyuma na kutandika godoro. Alikuja na Pasta Mutisya, amempitia ili pawe na mtu wa kati. Trizah aliacha saluni akasimama mlangoni, eti anapunga hewa. Mimi nilikuwa nimeshaamua. Nilisema, “Leo hakuna kusoma kichwa cha mtu. Mwenyewe ana mdomo. Mwulizeni.” Nikaweka simu kwenye kigoda.

Kyengo akachuchumaa mbele ya ndugu yake. “Ndugu yangu, twende nyumbani Mwingi?”

Kidole cha Nzioki kikaenda kwenye kioo. Kikafinya.

“Maji.”

Nikakimbia nikaleta maji. Akasukuma glasi, yakamwagika. “Chai,” simu ikasema. Nikaleta chai. Akaisukuma hiyo pia. Halafu kidole kikaanza kwenda mbio. “Dawa. Choo. Baridi. Dawa. Nimechoka. Funga mlango. Maji.” Uso wake ulikuwa umekunjamana na mishipa ya shingo imesimama.

Kyengo aliinuka taratibu. Hakuwa na furaha, namshuhudia. “Ona, shemeji,” akasema. “Hajui anachosema. Hiyo simu umefanya vizuri, lakini ni kelele tu. Tusimtese.”

“Tumwache apumzike,” Pasta naye akasema. “Akili imechoka.”

“Akili yake haijachoka!” nilipiga kelele. “Akili iliyochoka ni yenu!” Nilikuwa nimewaahidi kwamba Nzioki ataongea, na ameongea, na ni takataka imetoka. Kyengo alikuwa ameshashika kiti cha magurudumu.

Ndipo nikakiangalia kile kidole. Kilikuwa kinatafuta. Kilipita mraba baada ya mraba, kikafika mwisho wa kioo, kikagonga pale palipo patupu, kikarudi mwanzo. Mtu akitafuta chumvi kwa jikoni yake mwenyewe hutafuta hivyo, anajua iko, lakini aliyepanga vitu ni mtu mwingine. Nikajiuliza, anatafuta nini, na nimemwekea kila kitu?

Nikaona. Jamani, nikaona.

Kwetu mgonjwa haulizwi, anapewa. Hata mgeni haulizwi. Ukiingia kwangu sikuulizi kama unataka chai, nakuwekea chai, kwa maana kuuliza ni kama kukwambia unaweza kwenda na njaa na mimi nilale vizuri. Ndivyo mama yangu alinifunza na ndivyo nimelisha watu maisha yangu yote. Kwa hivyo nilipokaa pale saluni nikaiambia simu ijenge, nilimwekea Nzioki kila kitu ninachoweza kumletea. Hakukuwa na mraba wa kukataa. Nilimjengea mdomo mzima, na huo mdomo ulijua kuomba peke yake.

“Kyengo, wacha hicho kiti,” nikasema.

“Shemeji…”

“Nimesema wacha! Trizah, nipatie mtandao wako, wangu ni mvivu.”

Nikafungua pale pa kujengea. Nikafinya kipaza sauti, na mbele ya pasta na shemeji na majirani waliokuwa wamejaa mlangoni, nikasema: “Ongeza mraba wa kukataa. Uwe mwekundu, uwe mkubwa, uwe pale juu anapofikia haraka. Na kando yake weka wa kukubali, kijani, ukubwa uleule kabisa. Nisisikie mtu akisema nimependelea.”

Maandishi yakaanza kushuka. Pasta Mutisya alikuwa amesogea akachungulia juu ya bega langu, na nilimsikia akisema polepole, “Bwana asifiwe, inafanya kweli.” Yakasimama. Miraba miwili mipya ikatokea juu ya mingine, na ikauliza itumie sauti gani.

Ningeweza kuacha ile ya mwanamke wa taarifa ya habari. Ingekuwa rahisi, na kwangu ingekuwa salama. Nikampelekea Kyengo simu.

“Sema.”

Alielewa mara moja. Mtu wa chuma si mjinga. Aliangalia ule mraba mwekundu. “Unataka nimpe sauti ya kunikataa mimi mwenyewe?”

“Au ya kunikataa mimi,” nikasema. “Sijui atafinya nini. Naapa sijui.” Na ilikuwa kweli.

Kyengo akavuta simu karibu na mdomo. “Aiee,” akasema. Ndivyo tunavyokataa kwa Kikamba. Lakini aliisema kwa uvivu, kama mtu anayekataa sukari. Nikatikisa kichwa. “Iseme vile yeye alikuwa anaisema.” Akafumba macho kidogo. Kisha akaitoa kifuani, fupi na nzito: “Aiee.” Mtoto mmoja mlangoni akarudi nyuma hatua. Halafu akasema ile ya kukubali, “Ĩĩ,” akaweka simu kwenye kigoda kwa mkono wake mwenyewe.

Nilimwonyesha Nzioki ile miraba miwili, nikafinya kila mmoja asikie. Aliposikia ule mwekundu, alifunga macho, akavuta pumzi ndefu, akaitoa. Mimi nikasogea nyuma nikakunja mikono ili isimsaidie.

Kyengo akachuchumaa tena. Sasa sauti yake ilikuwa ndogo. “Ndugu yangu. Twende nyumbani Mwingi?”

Kidole kikainuka. Kikatetemeka hapo hewani, kikaelekea upande wa kijani, na mimi nikajifia kidogo pale nilipokuwa. Kikapita. Kikashuka kwenye nyekundu.

“Aiee.”

“Hata kama dada…”

“Aiee.”

“Unataka kukaa hapa, kwa hiki chumba?”

“Ĩĩ.”

Kyengo alifunika uso kwa mikono yake yote miwili, na mabega yakaanza kutikisika. Nikasema sasa ni vita, nikatafuta kwa macho mahali mwiko ulipo. Lakini alipoondoa mikono, alikuwa analia na kucheka pamoja.

“Shemeji, umesikia?”

“Nimesikia.”

“Ni yeye huyo! Hivyo ndivyo alikuwa ananikatalia tukichunga mbuzi. Nikitaka kuogelea, aiee. Nikitaka kuiba maembe ya watu, aiee. Tangu augue, chochote nikisema anatingisha kichwa, na mimi nikawa namwamulia kila kitu nikijua nimebaki mwanaume peke yangu kwa mama yetu.” Alishika ule mkono wa kushoto wa Nzioki akauweka shavuni kwake. “Nikataze tena,” akamwambia. “Nikataze, ndugu yangu.” Sijawahi kuona mtu akifurahia kukataliwa namna hiyo, na sidhani nitaona tena. Pasta Mutisya alikuwa amesahau hata kuomba.

Sasa mimi, Mungu alinipa mdomo na akasahau breki. Nikasimama katikati ya nyumba nikapiga makofi. “Haya! Mmesikia wenyewe. Mwenye nyumba ameamua. Shemeji, kunywa chai yako, geuza hiyo Probox mapema kabla barabara haijajaa, na hayo mambo ya Mwingi nisiyasikie tena kwa…”

“Aiee.”

Nikageuka. Nilidhani ni Kyengo aliyesema. Kidole cha Nzioki kilikuwa juu ya mraba mwekundu, na macho yake yalikuwa yananiangalia mimi.

“Aiee nini? Si umeshinda? Si nimekushindia?”

“Aiee.”

“Wewe mzee, mimi ndiye nimekujengea huo mdomo!”

“Aiee.”

Trizah akaangua kicheko huko mlangoni, akaziba mdomo kwa kitana. Nikahisi ile hasira yangu ya kawaida inapanda, ile mnayoijua. Ikafika hapa kwa koo, ikanigeukia kitu kingine. Nikamwuliza polepole, “Unataka Kyengo aende?”

“Aiee.”

“Unataka ale hapa? Alale hapa?”

Kidole kikahamia kijani, bila kutetemeka hata kidogo. “Ĩĩ.”

Niliketi palepale sakafuni. Mwaka mzima nimemwogesha huyu mtu, nimemlisha, nimemgeuza kitandani, nimemfunga vifungo vya shati. Mwaka mzima nimemwamulia kila kitu, na hajawahi kunipinga hata mara moja, nami nikaita huo upendo wetu. Kumbe nilikuwa nakaa na mwili wake. Mwenyewe ndiye huyu ameingia saa hii, hajabisha hata hodi, na la kwanza kuniambia mimi mke wake ni kunikataza kufukuza mgeni nyumbani kwake. Nililia mbele ya pasta na majirani bila aibu yoyote. Nilikuwa nimemkosa sana.

Nikajipangusa uso na apron, nikainuka.

“Sawa, Baba Kavata,” nikamwambia. “Umesema.”